Samaki aliyedhaniwa kupotea njia

Mashabiki wa kabumbu hawajasahau yaliyoipata Ghana mnamo Januari 2022 mjini Garoua, Cameroon. Komoro, visiwa ambavyo wakazi wake hawafiki hata milioni moja, na ambavyo vilikuwa vikishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, viliwafunga vigogo hao mabao 3-2 na kuwarudisha nyumbani mapema. Jina la utani la timu hiyo ya Komoro ni Silikanti. Yamkini watoto wengi sebuleni waliuliza silikanti ni mdudu gani, na yamkini wazazi wengi walijifanya hawakusikia.

Basi msomaji mpenzi, silikanti ni samaki. Ni samaki mnene, wa rangi ya buluu iliyokolea yenye mabaka meupe, ambaye aweza kurefuka hadi karibu mita mbili na kufikia uzito wa kilo mia moja hivi. Wakomoro humwita gombessa, na walimweka hata kwenye noti yao ya faranga 1,000 iliyotolewa mwaka 2005. Huishi katika maji ya kina kirefu, mita 100 hadi 300 na hata zaidi, penye giza na baridi. Mchana hujificha mapangoni pamoja na wenzake; usiku hutoka kutafuta kitoweo, akielea polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.

Ajabu yake kubwa ni mapezi. Yale manne ya ubavuni na tumboni yameota juu ya vikonyo vyenye nyama na mifupa, mfano wa mikono na miguu mifupi, naye huyapeleka kwa zamu, la mbele kulia pamoja na la nyuma kushoto, sawasawa na hatua za farasi anayekwenda mchapuko. Hana uti wa mgongo wa pingili kama ule tunaoutoa kwenye tilapia mezani. Mahali pake pana mrija mgumu uliojaa mafuta. Hata ndani ya fuvu la samaki mzima, ubongo hauchukui asilimia 2 ya nafasi iliyopo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mafuta. Samaki wa ukoo huu walijulikana kwa visukuku tu, yaani alama na mabaki yao yaliyogeuka mawe, na wataalamu walikuwa na yakini kwamba wa mwisho wao alitoweka pamoja na dinosaria, yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Yakini hiyo ilivunjwa siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka 1938, katika bandari ya East London, Afrika Kusini.

Mjini humo palikuwa na makumbusho madogo, na msimamizi wake alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 31, Marjorie Courtenay-Latimer. Alikuwa na mazoea ya kushuka bandarini kuangalia kama wavuvi wamepata kitu cha ajabu cha kuweka makumbushoni. Siku hiyo nahodha Hendrik Goosen, wa meli ya uvuvi iitwayo Nerine, alikuwa amekokota wavu karibu na mlango wa mto Chalumna, kwenye kina cha mita 70 hivi. Katika chungu ya papa na samaki wengine waliokuwa sitahani, Marjorie aliona pezi la buluu. Alipowaondoa wale wa juu, alimkuta samaki wa urefu wa mita moja na nusu, mwenye magamba magumu kama deraya na mapezi yaliyokaa kama vigasha vya mtoto.

Sasa fikiria shida aliyokuwa nayo. Ni kiangazi cha kusini, jua ni kali, na samaki ana kilo 57 na tayari ananuka. Dereva wa teksi alikataa kumbeba, akashawishiwa mpaka akakubali. Chumba cha maiti cha hospitali kilikataa kumpokea samaki, ghala la barafu nalo likakataa. Mwenyekiti wa bodi ya makumbusho alimtazama na kusema huyo ni chewa tu. Marjorie hakukubali. Alimchora, akaandika barua kwa J.L.B. Smith, mwalimu wa chuo kikuu huko Grahamstown aliyewajua samaki kuliko wengi, halafu akamfunika samaki kwa magazeti na shuka zilizolowa formalini. Kwa bahati mbaya Smith alikuwa mapumzikoni Knysna, mbali na ofisi yake, na barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Alipojibu kwa simu ya upepo kwamba mifupa na matamvua yahifadhiwe kwa kila hali, matumbo yalikuwa yamekwisha kutupwa na ngozi imeshonwa. Hata hivyo, ngozi ilitosha. Smith alimpa samaki huyo jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi yule na mto ule.

Hapa ndipo lilipozuka swali ambalo limechukua zaidi ya miaka sitini kujibiwa, nalo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Je, samaki huyu alikuwa nyumbani kwake, au alikuwa mgeni aliyepotea njia?

Smith aliona ni mgeni. Meli zilikuwa zimekokota nyavu kwenye maji yale kwa miaka mingi bila kumpata hata mmoja wa aina hiyo. Kwa hiyo alifikiri samaki huyo aliletwa na mkondo wa bahari unaoshuka kutoka kaskazini, kupitia mlango wa bahari wa Msumbiji, na kwamba kwao hasa ni huku juu, katika miamba ya Afrika Mashariki. Alipiga chapa vikaratasi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, katika Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kwa nini hakuweka Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi aliokuwa akiwatafuta, hilo mimi huliona kama kichekesho. Lakini picha haina lugha.

Mwaka 1952, yeye na mkewe Margaret walikuwa Unguja wakikusanya samaki, wakakutana na nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara baina ya Unguja na Komoro kwa jahazi lake. Jahazi lenyewe liliitwa Nduwaro, jina ambalo watu wa pwani hawahitaji kutafsiriwa: ni yule samaki mwenye mdomo kama mkuki. Hunt alichukua vikaratasi akaenda kuvisambaza visiwani. Kabla mwaka haujaisha, mvuvi mmoja wa kisiwa cha Nzwani, karibu na Domoni, alivua gombessa usiku kwa mshipi. Samaki alikuwa karibu kuuzwa kitoweo sokoni pale mtu mmoja aliyekiona kikaratasi alipomtambua, na wakambeba kuvuka milima hadi Mutsamudu, upande wa pili wa kisiwa, alikokuwa Hunt.

Hunt alimpelekea Smith simu ya upepo. Smith, ambaye alikumbuka vizuri matumbo yaliyotupwa mwaka 1938, alikata shauri kwamba safari hii hangoji posta. Alimpigia simu waziri mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, aliyekuwa mapumzikoni kwa Krismasi, akaomba ndege. Malan huyu ndiye aliyeingia madarakani mwaka 1948 kwa sera ya ubaguzi wa rangi, tena alikuwa mchungaji wa kanisa lisilopenda kusikia habari za mageuko ya viumbe. Lakini ndege alitoa, ndege ya kijeshi aina ya Dakota. Inasimuliwa kwamba sanduku lilipofunguliwa na Smith akaona ni yeye kweli, alipiga magoti na kulia machozi.

Wavuvi wa Komoro wenyewe hawakulia. Walikuwa wakimjua gombessa siku zote. Kwao alikuwa samaki wa bahati mbaya: anapatikana mara chache, nyama yake ina mafuta mengi, na anayeila hupata kuharisha. Magamba yake yalikuwa na faida kuliko nyama, kwani ni makavu na yenye miiba midogo, na inasemekana yalitumiwa kukwaruzia mpira wa baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Wasomi walihuzunika miaka milioni 66 kwa kiumbe ambaye fundi wa baiskeli alikuwa na kipande chake mfukoni.

Tangu hapo dunia ilisadiki kwamba makao ya silikanti ni Komoro, basi. Wavuvi wa ngalawa wa Ngazija na Nzwani waliendelea kumpata mmoja mmoja, makumbusho ya ulaya na Marekani yakawanunua, na mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo pwani ya Ngazija na kuwapiga picha wakiwa hai katika maji yao kwa mara ya kwanza. Kila aliyeonekana kwingine alihesabiwa kuwa amechukuliwa na maji. Alipokamatwa mmoja Msumbiji mwaka 1991, jike wa kilo 98 mwenye watoto 26 tumboni, ilisemwa ametoka Komoro. Alipopatikana mwingine kusini-magharibi mwa Madagascar mwaka 1995, kadhalika.

Kisha mambo yakaanza kwenda kinyume. Mwaka 1997 mtafiti Mmarekani Mark Erdmann na mkewe walikuwa fungateni mjini Manado, kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, wakaona silikanti akipita sokoni juu ya mkokoteni. Mwaka uliofuata mvuvi alileta mwingine akiwa angali hai. Huyo alikuwa wa rangi ya hudhurungi, si buluu, na kutoka Komoro hadi pale ni karibu kilomita 10,000. Hakuna mkondo wa kumbebea mgonjwa huyo. Mwaka 1999 alitangazwa kuwa spishi ya pili, na ikajulikana kwamba wavuvi wa huko nao walikuwa na jina lake, raja laut, maana yake mfalme wa bahari.

Oktoba mwaka 2000, wapiga mbizi waliokuwa Sodwana, kaskazini mwa pwani ya Afrika Kusini, walishuka mita 104 na kukuta silikanti watatu chini ya mwamba. Walirudi mwezi uliofuata na kamera wakawapata tena. Safari hiyo iligharimu maisha ya mmoja wao. Samaki waliokuwa pale hawakuwa mateka wa mkondo. Walikuwa wametulia pangoni, mahali pamoja, na watafiti waliorudi miaka iliyofuata waliwatambua mmoja mmoja kwa mabaka yao meupe, ambayo hayafanani baina ya samaki na samaki.

Miezi michache baadaye ikawa zamu yetu. Aprili 2001, meli ya uvuvi iliyokuwa ikikokota wavu baharini karibu na Malindi ilipandisha silikanti wa mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Alikuwa wa kwanza kuandikwa rasmi nchini Kenya, na aliingia mikononi mwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Ilikuwa rahisi kusema kwamba naye amepotea. Ramani ya mikondo ingeruhusu, kwa maana maji yanayopita karibu na Komoro hugawanyika yakikaribia bara: tawi moja hushuka Msumbiji, na lingine hupanda kaskazini kando ya Tanzania hadi kwetu.

Ila Tanzania yenyewe ikaja kutibua hesabu. Septemba 2003 silikanti alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, kisiwa kile chenye magofu ya kale. Halafu Tanga. Hapo hawakuja mmoja kwa mwaka. Walipatikana kwa makundi, zaidi ya 20 katika muda usiozidi miaka miwili hivi, wote wakiwa wamenaswa na majarife, zile nyavu za matundu makubwa za kutegea papa. Watu walishtuka. Je, silikanti wameanza kuhama? Bahari imegeuka joto? Wengine walianza kutabiri makubwa, kama ilivyo kawaida yetu kila kiumbe cha ajabu kinapojitokeza.

Maelezo ambayo wataalamu wengi wameyaelekea hayana ajabu yoyote, na ndiyo sababu yananisumbua. Samaki hawakusogea. Nyavu ndizo zilizosogea. Pwani ya Tanga iliteswa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na papa wa maji ya karibu walipungua. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha hafungi duka. Hutega mbele zaidi, mita 50, mita 100, mita 150, mpaka mwamba unapoteremka ghafla gizani. Huko ndiko kwenye mapango ya silikanti. Anatoka usiku kwenda kula, anakumbana na jarife. Maadamu damu yake imezoea baridi ya nyuzi 15 hadi 20, na hewa iliyomo katika maji ya vuguvugu ya juu haimtoshi, hufika chomboni amekufa au yu taabani, na hata akirudishwa majini aghalabu hafiki mbali.

Ushahidi wa mwisho ulitoka katika DNA. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na wenzao wa Tanzania walichapisha matokeo ya kulinganisha samaki wa Tanga na wale wa Komoro. Silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni jamii yao peke yao, iliyotengana na wenzao wa Komoro kwa muda usiopungua miaka 200,000. Kwa maneno mengine, walikuwa wenyeji wa Tanga kabla ya Tanga kuwako, kabla ya Mswahili, kabla ya Mreno na Mwarabu, na pengine kabla ya binadamu wa sura yetu kuifikia pwani hiyo. Ni kweli pia kwamba wale waliopatikana kusini mwa Tanzania walifanana na wa Komoro, kwa hiyo mkondo haukusingiziwa kabisa, wapo wanaochukuliwa. Lakini ile habari ya kwamba kila silikanti nje ya Komoro ni mpotevu ilizikwa siku hiyo. Mwaka 2019 mwingine alionekana kusini mwa Durban kwenye kina cha mita 72 tu. Na yule wa kwanza wa Chalumna? Sidhani leo yupo mtu wa kuapa kwamba alikuwa mgeni.

Nikiwa hapo, niwatolee wanafunzi kosa moja ambalo bado limo katika vitabu vingi. Silikanti husemwa kuwa ndiye jamaa wa karibu zaidi wa viumbe waliotoka majini kuja nchi kavu, kwa ajili ya mapezi yake. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma DNA yake yote wakaona sivyo. Aliye karibu nasi zaidi ni yule samaki mwenye mapafu, kamongo, anayeuzwa Kisumu kila siku bila mtu kumpelekea ndege ya kijeshi.

Serikali ya Tanzania iliitikia. Mwaka 2009 ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti hapo Tanga, eneo la kilomita za mraba 552 hivi, kuanzia mlango wa mto Pangani kwenda kaskazini hadi kupita jiji la Tanga. Ni jambo la kusifiwa, kwani si nchi nyingi zinazotenga bahari kwa ajili ya samaki asiyelika. Lakini mstari kwenye ramani hauzuii jarife. Aidha pwani hiyo hiyo inatakiwa na wengine: kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bandari mpya Mwambani, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa kuishia Chongoleani, kando ya jiji. Na mvuvi anayeambiwa asitege jarife kwenye mteremko anauliza swali la haki kabisa: nikatege wapi, ikiwa huku karibu baruti zimemaliza?

Huku kwetu hatuna hata mstari huo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa kwa ajili ya matumbawe na samaki wa maji ya juu, na mapango ya mita 100 na zaidi, kama yapo mbele ya Malindi au Lamu, hayajatafutwa kama yale ya Ngazija na Sodwana yalivyotafutwa. Kwa mazungumzo ya magazetini tumebaki na mmoja wa mwaka 2001, kana kwamba alikuja kutembea.

Haraka inatokana na hesabu ya umri wake. Zamani ilidhaniwa silikanti huishi miaka 20 hivi. Utafiti wa Wafaransa uliochapishwa mwaka 2021, uliohesabu mistari ya magamba kwa darubini kama watu wanavyohesabu duara za shina la mti, ulionyesha kwamba huishi karibu miaka 100. Jike hafikii umri wa kuzaa mpaka awe na miaka 55 hivi, na akishika mimba huibeba kwa takriban miaka mitano. Ndovu, tunayemsifu kwa uvumilivu, ni miezi 22 tu.

Kwa hesabu hiyo, silikanti jike aliyezaliwa katika mapango ya Tanga mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru, alifikia umri wa kushika mimba yake ya kwanza karibu mwaka 2018, na kama hakunaswa njiani, huenda alizaa kwa mara ya kwanza mnamo mwaka 2023. Muda wote huo, jioni baada ya jioni, ametoka pangoni giza likiingia, saa ile ile ambayo vyombo vinatoka kwenda kutega.